Ntinyari, Msusi wa Vyambo

Ntinyari alisuka vichwa vya watu kwa miaka ishirini na sita kabla ya kusuka kitu cha samaki. Saluni yake ni chumba kimoja cha kupanga huko Majengo, mjini Meru, ukuta mmoja na bucha, na ukiwa humo unasikia shoka likipasua mfupa huku draya ikivuma.

Kazi ya samaki ilimjia kwa sababu ya mwanamume aliyechoka kungoja. Mwalimu Nthiga, anayefundisha kemia huko Embu, alikuwa amemleta mkewe asukwe rasta kwa ajili ya harusi ya dada yake. Rasta ni kazi ya saa tano. Mwalimu alisoma gazeti, akalisoma tena, kisha akatoa kijisanduku na kuanza kutengeneza chambo kilichofumuka: ndoano yenye kichwa cha madini ya risasi kisichozidi punje ya hindi, na sketi ya manyoya shingoni. Alikifunga kama mtu anayefunga mbuzi kwenye kigingi. Ntinyari alivumilia, akashindwa, akanyoosha mkono. Akakizungushia uzi vile anavyofunga ncha ya msuko, ncha ikazama chini ya uzi wenyewe bila fundo. Mwalimu alikivuta kwa meno. Hakikufunguka.

Tangu siku hiyo akawa msusi wao, Mwalimu na wenzake wanne wanaovua kwa burudani siku za Jumamosi. Mwalimu alimweleza habari za besi, samaki mgeni mwenye mdomo mpana, anayejificha kivulini na kuvizia kitu kinachokimbia. Wakimshika wanamtazama, kisha wanamrudisha majini. Hapo Gladwell, anayefanya naye kazi saluni, aliweka kitana chini ili acheke vizuri. Watu wazima wanachoma petroli mpaka bwawani Mitunguu kwenda kusalimia samaki!

Ntinyari hakucheka. Jirani wa bucha alimwekea mikia ya mbuzi, akachagua singa ndefu, akazichanganya na vipande vya rasta vilivyobaki sakafuni. Kila chambo alikijaribu katika beseni la kuoshea nywele, akakivuta kwa uzi, akakitazama kikipunga mkia. Miaka mitatu alifanya hivyo, na bwawa lenyewe hakuwahi kuliona. Sifa zilimfikia kwa simu tu, kama fundi anayemshonea nguo mtu aliye ng'ambo.

"Mteja gani huyo," Gladwell alimuuliza, "haji hata kujitazama kwa kioo?"

Mwaka huu Ntinyari aliamua kutengeneza vilivyo bora kuliko vyote. Alisuka ishirini, mgongo wa kijani, mistari myeusi iliyonyooka kama njia za kichwani, singa zimebanwa zisimwagike hata moja. Hata Gladwell alivisifu alipoviona. Wiki mbili baadaye Mwalimu akaja na mfuko wa vyambo hivyo mkononi, akazungumza na sakafu zaidi ya alivyozungumza naye. Samaki wanavifuata, alisema, wanakaribia kabisa, halafu wanageuka. Wenzake wameanza kuulizia vyambo vya plastiki vya dukani. Si kosa lake, labda samaki wamebadilika tu.

Hilo la samaki kubadilika ndilo lililomchoma. Amekaa katika kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba mteja anayesema kichwa chake ndicho kibaya hatarudi.

"Mwalimu," alisema, "Jumamosi mnaenda?"

"Tunaenda, Mama. Lakini wenzangu wamesema hii ndiyo ya mwisho kwa hivi vya mkono."

"Basi nitakuja nione wakivikataa."

Bwawa ni la mzee Kiunga, la kumwagilia migomba, na limezungukwa na migomba hiyo pande zote hata upepo ukipita majani yanafanya sauti ya mvua isiyonyesha. Maji yalikuwa kimya na ya kijani kibichi. Ntinyari alisimama ukingoni na viatu vyake vya kanisani, asijue aelekeze macho wapi. Alikuwa amezoea maji ya beseni.

Wenzake Mwalimu walikwenda upande wa pili na vyambo vyao vya dukani. Mwalimu alibaki naye. Alirusha chambo kando ya matete, akakiacha kizame, akainua ncha ya fimbo ya kuvulia taratibu, akaishusha, akakunja mshipi kidogo. Kiinuke, kianguke, kama kitu kilichoumia. Mara ya nne, kivuli kilijitenga na kivuli. Ntinyari alidhani ni jani limezama, mpaka lilipokuwa na jicho. Samaki alikuja chini ya chambo, mrefu kuliko mkono wake kutoka kiwiko, akasimama majini bila kutikisika, akatazama juu. Alitazama vile mama mkwe anavyotazama sufuria. Kisha akageuka.

Wakaja watatu namna hiyo, na wote wakageuka. Saa nne ikapita. Kutoka ng'ambo ya bwawa mtu alipiga mluzi wa furaha, na Mwalimu akajifanya hakusikia.

Ntinyari alikuwa bado anaona jicho lile. Lilitazama juu. Yeye maisha yake yote amesimama nyuma ya kiti, akitazama vichwa kutoka juu, na hata beseni lake aliliinamia.

Aliomba jagi la maji la Mwalimu, lile kubwa la plastiki inayopitisha mwanga, wakalikata shingo. Akatia chambo ndani, akaliinua jagi juu ya kichwa chake, jua likapita ndani yake, naye akatazama kama samaki.

Rangi zote zilikuwa zimepotea. Mgongo wa kijani, mistari iliyonyooka, yote ilikuwa upande wa mbinguni. Chini palikuwa na donge jeusi, limebanwa, halipumui.

"Mwalimu, nimewasukia ndege," alisema.

Aliketi kwenye nyasi akafumua uzi kwa jino. Akapunguza singa nusu nzima, akalegeza zilizobaki. Kilichokosekana ni tumbo, kitu cheupe, na hakuwa amebeba hata unywele mweupe. Lakini alikuwa Mitunguu, kwenye migomba. Aliingia migombani, akavunja ganda la ndani la shina lililokatwa, akalikwaruza kwa kucha mpaka nyuzi zikatoka, nyembamba, zenye kung'aa kama fedha zikiwa mbichi. Alizigawanya mara mbili, mara nne, mara nane, kwa vidole vinavyogawanya nywele bila kuuliza macho. Akazifunga upande wa chini. Jagi likainuliwa tena, na ndani ya mwanga kitu kidogo kikafunguka na kujifunga, kikafunguka na kujifunga.

Mwalimu alimpa fimbo. Mrusho wake wa kwanza ulinasa matete, wa pili ukaanguka miguuni pake. Wa tatu ulikwenda. Akakiacha kizame. Akainua, akashusha.

Kivuli kilitoka. Kilisimama. Kisha mbele yake maji yakawa na mlango, mlango ukafunguka, na chambo hakikuwapo tena. Samaki hakuuma, alikinywa tu, kama mtu anavyovuta pumzi. Fimbo ikapinda, mshipi ukaimba, na besi akaruka juu ya bwawa, mzima mzima, akitikisa kichwa na matone yakimzunguka, na kwa muda huo migomba, wanaume wa ng'ambo na viatu vyake vilivyojaa matope havikuwapo duniani.

Mwalimu alimwambia alowanishe mikono kwanza ili asimtoe utelezi. Akamshika mdomo. Ulikuwa mpana kama kikombe cha chai, na ndani yake, mwekundu na mweupe, nyuzi za mgomba ziling'aa. Jicho la dhahabu lilimtazama bila hasira na bila shukrani. Alimtoa ndoano, akamshusha majini, akashangaa jinsi mkono ulivyobaki mwepesi.

Nyuma yake Mwalimu alikuwa anamuuliza kama anaweza kuvirekebisha vile kumi na tisa vilivyobaki kabla ya Jumamosi ijayo. Alisikia mfuniko wa sanduku la vyambo vya plastiki ukifungwa ng'ambo ya bwawa.

"Rusha wewe sasa," alimwambia, macho majini. "Sikumtazama vizuri alipokinywa."