Nilivyokwama kwenye sofa ya wakwe nikiwa na nyonga mpya ya pili

Wakuu, nawasalimu nyote, hasa nyinyi mnaosoma hii mkiwa mmelala chali na mto katikati ya miguu. Nyinyi mnajua nasema nini.

Nitaandika yaliyonipata mimi mwenyewe, bila kuongeza chumvi. Mahali ambapo sina uhakika, nitasema sina uhakika.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kaaga, Meru. Nimebadilishwa nyonga mbili. Ya kulia ilitangulia. Ya kushoto ikafuata miaka minne baadaye, na hiyo ndiyo ya uzi huu.

Kwa wale ambao ni wageni wa mambo haya, nieleze kidogo.

Nyonga ni kama mpira ndani ya bakuli. Ukizeeka, au ukiwa umebeba mizigo na kusimama mbele ya ubao maisha yako yote kama mimi, ule utelezi wa katikati unaisha. Mfupa unasaga mfupa. Daktari anakata kile kichwa cha mfupa, anaweka cha chuma, na kwenye bakuli anaweka lingine jipya.

Sasa shida iko hapa. Ili afike huko ndani, inabidi apasue nyama na kuzishona tena. Zile nyama ndizo zinazoshikilia mpira usitoke kwenye bakuli. Mpaka zipone, kuna mambo matatu hufanyi: hukunji nyonga kupita kona ya kiti cha kawaida, huweki mguu juu ya mwingine, na hugeuzi vidole kuangalia ndani.

Ukifanya hayo, mpira unaweza kuchomoka. Ukichomoka, unarudishwa ukiwa umelazwa usingizi. Ukikataa kurudi, unapasuliwa tena.

Nyonga ya kwanza nilifuata masharti kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipandisha kitanda, nikanunua kiti cha choo cha kuinuliwa, hata soksi nilivalishwa na mume wangu kwa wiki nane. Nilipona vizuri sana.

Ya pili nilijiona profesa.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nawaambia mapema. Mtu wa mara ya kwanza anaogopa, na ule woga unamlinda. Mtu wa mara ya pili anasema, "Haya nimeshayapitia."

Sasa kisa chenyewe.

Kijana wetu Mwenda alikuwa amepata msichana wa Embu, anaitwa Wawira. Siku ya sisi kwenda kwao kujitambulisha ilipangwa kabla sijaitwa theatre. Kisha tarehe yangu ya upasuaji ikasogezwa mara mbili, na mwisho wake safari ikaangukia wiki ya tano.

Mume wangu, ambaye wote humwita Baba Mwenda, alisema tuahirishe.

"Tuahirishe tukisema nini?" nikamuuliza. "Kwamba mama ya bwana arusi ana mguu?"

"Si ndiyo ukweli?"

"Huo ni ukweli wa hapa nyumbani."

Nilimpigia simu yule mama wa physio anayenifanyisha mazoezi. Hakufurahi, lakini akasema kama lazima niende, nikae mbele kwenye gari, kiti kimesukumwa nyuma, tusimame kila saa nitembee kidogo damu isigande. Na nibebe ule mto wangu mgumu. Akarudia mara tatu: "Mwalimu, usikae mahali ambapo magoti yako yatakuwa juu kuliko nyonga."

Nikasema nimesikia.

Tuliondoka Meru asubuhi na ndizi za soko la Gakoromone, kreti za soda, unga na sukari. Tulisimama Chuka, tukasimama Runyenjes. Nilishuka na magongo yangu nikatembea kando ya barabara. Hadi hapo nilikuwa mgonjwa mzuri.

Kwao Wawira ni juu kidogo ya Embu mjini, nyumba ya mawe katikati ya kahawa. Tulipokelewa vizuri mno. Mama Wawira alinikumbatia, akaniongoza moja kwa moja hadi sebuleni, kwenye sofa kubwa kuliko zote, yenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Ilikuwa ya mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima ni mimi.

Ilikuwa chini, wakuu. Chini na laini.

Mto wangu ulikuwa kwenye gari. Mwenda akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mum, nilete mto?"

Hapo ndipo penyewe, kwa hivyo nitaeleza polepole.

Upande wa pili alikuwa ameketi Mzee Nyaga, babu yake Wawira, ndiye mkubwa wa boma. Alikuwa kwenye kiti chake cha mbao cha miguu mifupi. Nikapiga hesabu: nikipandisha mto, nitakuwa nimemkalia juu huyu mzee. Nimekuja kuomba msichana kwake, halafu namwangalia kutoka juu kama mwalimu mkuu.

Na nikiomba kiti cha plastiki kutoka kwenye hema lililokuwa nje, nitakuwa nimekataa kiti nilichopewa. Mama wa watu ataona nimedharau nyumba yake.

Nikamwambia Mwenda, "Acha. Niko sawa."

Nikaketi. Nikazama.

Magoti yalipanda mpaka nikaweza kuweka kikombe juu yake. Nilijua saa hiyo hiyo kwamba nimekosea.

Nikajaribu kunyoosha mguu wa kushoto mbele, kwa sababu ukiunyoosha unafungua ile kona. Lakini mbele yangu kulikuwa na meza ya kioo iliyojaa vikombe. Nikajaribu kuegemea nyuma. Sofa ikanimeza zaidi.

Maombi yakaanza, ya mzee mmoja wa kanisa, na nyinyi mnajua maombi ya siku kama hiyo. Alishukuru kwa mvua. Alishukuru kwa barabara.

Kisha utambulisho. Kila mtu anasimama, anasema jina na anakotoka. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Naomba nisalimie nikiwa nimekaa, nina mguu kidogo." Wakasema hakuna neno. Mwanamume mmoja wa upande wao akatania kwamba watu wa Meru wakifika Embu hukaa wakakataa kuinuka. Watu wakacheka, hata mimi nikacheka.

Lakini nilikuwa natoka jasho.

Maumivu yalianza kama uzito. Baadaye yakawa kama msumari nyuma ya kalio. Nilikuwa nayajua maumivu ya nyonga, ya kabla na ya baada ya upasuaji, na haya hayakuwa yale. Kila nikipumua nilihisi kitu ndani kinataka kusogea.

Nilianza kufikiria jinsi ya kusimama. Kutoka kwenye kiti cha chini, mtu huinamisha kifua mbele ndiyo apate nguvu ya kuinuka. Nikiinama mbele nikiwa vile, ninakunja nyonga hata zaidi. Kwa hivyo kukaa ni hatari, na kusimama ni hatari kubwa zaidi.

Nilikaa hivyo karibu saa mbili. Nilikuwa natabasamu.

Baba Mwenda alinitupia jicho mara kadhaa. Nilimjibu kwa macho kwamba aendelee. Mazungumzo yalikuwa yanaenda vizuri, Mwenda alikuwa ameanza kupata rangi usoni, na mimi sikutaka kuwa sababu ya kuvuruga.

Tukaitwa chakula. Watu wote wakaanza kuinuka kwenda kwenye hema. Mama Wawira akaja na dada yake, kila mmoja akanishika mkono.

"Twende mama, mukimo inapoa!"

Wakavuta kwa upendo wote.

Nilihisi mpira unasogea. Sina neno lingine. Ulisogea, ukasimama, ukarudi.

Nikapiga kelele. "Msiniguse!"

Waliokuwa wanatoka wakageuka. Mama Wawira aliachia mkono wangu kama ameshika sufuria ya moto. Nilimwona Wawira mlangoni na sahani mikononi. Mwenda alikuwa mweupe kama chaki.

Nikajua nimeharibu. Lakini pia nikajua kwamba kama sitasema sasa, nitatoka hapo nimebebwa.

Basi nikafanya kazi ninayoijua. Nilifundisha. Nikiwa nimezama kwenye ile sofa, mbele ya wazee wa pande zote mbili, nilieleza mpira na bakuli. Nilionyesha kwa ngumi na kiganja. Nikasema, "Mguu huu una wiki tano. Ukikunjwa zaidi ya hapa, unachomoka. Nilipaswa kukaa juu. Sikusema, kwa sababu niliona aibu."

Kisha Mzee Nyaga akauliza, "Kwa hivyo hawezi kuinama mbele?"

"Hapana, mzee," nikajibu mwenyewe.

"Na hawezi kuvutwa?"

"Hapana."

"Basi mnahangaika naye wa nini? Inueni kiti."

Watu wakaangaliana.

"Ng'ombe akizaa akashindwa kusimama," mzee akaendelea, "mjinga ndiye anamvuta kamba ya shingo. Mwenye akili anamwinua kutoka chini. Muthoni wangu atanisamehe kwa kumtaja pamoja na ng'ombe."

Muthoni kwa Kiembu ni mkwe, wakuu. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo mtu kuniita hivyo, na ilikuja pamoja na ng'ombe.

Waliondoa ile meza kwanza, na mimi nikanyoosha mguu polepole mpaka ukalala mbele yangu. Vijana wakaleta mawe manne ya kujengea kutoka kwenye zizi lililokuwa linajengwa. Wanaume sita wakashika sofa.

"Pamoja!" mzee akasema. "Upande mmoja ukitangulia mtammwaga."

"Msinimwage!" nikasema.

"Nyamaza mama, hata sisi tunaogopa," mmoja akanijibu huku akihema.

Sofa ikapanda. Mawe yakaingia chini ya miguu, moja moja. Baba Mwenda akasukuma vitambaa na mito mgongoni mwangu. Kisha nikajisogeza, kalio moja, halafu lingine, kifua nyuma, mguu mbaya ukitangulia mbele. Kila kalio lilichukua dakika. Nilipofika ukingoni nikasukuma kwa mikono yote miwili, nikasimama kwa mguu wa kulia, nikapokea magongo.

Jambo la kwanza nilifanya ni kuangalia vidole vyangu. Nyonga ikichomoka, mara nyingi mguu unakuwa mfupi na vidole vinageuka ndani. Vyangu vilikuwa vinaangalia mbele.

Lakini maumivu yalikuwa pale pale, na vidole si x-ray.

Sikuonja mukimo. Tuliteremka hospitalini Embu mjini nipigwe picha. Tulingoja ukumbini, wao kwenye benchi, mimi nikiwa nimesimama nimeegemea ukuta, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa viti vyote. Baba Mwenda hakusema "nilikwambia". Hilo liliniuma kuliko kama angesema.

Nilikuwa nawaza theatre. Niliwaza kupasuliwa tena pale pale, kidonda juu ya kidonda, katika umri huu. Niliwaza kama nitaingia kwenye harusi ya mwanangu nikiwa kwenye kiti cha magurudumu, na sababu yake ni adabu.

Picha ikatoka. Daktari kijana akaiweka kwenye mwanga, akaangalia, akaangalia tena.

"Kichwa cha chuma kiko mahali pake."

Nililia, wakuu, mbele ya mtoto wa watu.

Baadaye daktari wangu wa Meru aliniambia kwamba zile nyama zilivutwa, na huenda mpira ulifika ukingoni mwa bakuli. Hakuna anayejua kwa hakika. Aliniongezea wiki sita za masharti, tukahesabu upya kutoka moja. Nilitembea na magongo mawili wakati wenzangu wa kliniki walikuwa wameshaacha. Iliniudhi, lakini nilitii.

Jioni ile, kabla hatujaondoka Embu, Mama Wawira alinipigia simu. Nilianza kuomba msamaha kwa ile kelele. Akanikata.

"Mama Mwenda, hebu nikuulize. Mguu ungevunjikia kwangu, mimi ningesema nini? Kwamba nilikuvuta? Wawira angeolewaje kwenu, kila akiingia mlangoni mnakumbuka mama yake ndiye aliyekulemaza?"

Nikasema nilitaka tu kuwaheshimu.

"Ulikuwa unatuheshimu," akasema, "lakini ulikuwa unatutegea shimo."

Hayo maneno ndiyo yaliyonifanya niandike huu uzi. Saa mbili zote nilidhani ninabeba maumivu yangu peke yangu kwa ajili ya mwanangu. Kumbe nilikuwa nawawekea watu hatia ambayo hawakuijua, kwenye nyumba yao wenyewe. Kunyamaza kwangu kungeharibu undugu kuliko mto wowote.

Kwa hivyo ndugu yangu unayejiandaa kwa upasuaji wa pili, anza kama hujui kitu. Na ukiingia nyumba ya watu, sema kwa mlango, kabla hujapewa kiti: "Nimefanyiwa upasuaji, nahitaji kukaa juu." Ni sentensi moja tu. Nimeisema kanisani, kwa matanga, kwenye ofisi za serikali, na bado sijaona aliyekasirika.

Sasa ni mwezi wa nane tangu upasuaji. Natembea bila gongo ndani ya nyumba, nje nabeba moja. Harusi ilifanyika, nilikuwepo, na nilicheza kidogo kwa mguu wa kulia.

Walio kwenye wiki za mwanzo, ulizeni chochote, hata mambo ya choo, sioni aibu tena. Na waliopita mwaka mmoja na nyonga zote mbili, mnielimishe: kupanda ngazi bila kushika ukuta kulikuja lini kwenu? Mimi bado nashika.