Panya Waliofunga

Pale kituo cha utafiti wenzake walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na mwenyewe alishazoea kuitika. Chai aliinywa amesimama. Mashine ikizungusha sampuli zake kwa dakika kumi na tano, yeye alikuwa ameshashuka ngazi, amepanda tena, amemsemesha mtu wa stoo na kugombana na fundi umeme. Mumewe, ambaye kazi yake ni kutengeneza friji, alipenda kusema ameshika friji mbovu nyingi maishani, lakini hajaona inayonguruma mfululizo kama mkewe.

Alikuwa binti wa muuza nyama. Alilijua ini kwa mkono kabla ya kulijua kitabuni, maana baba yake alimpa kipande akipeleke nyumbani, na njiani kilimponyoka mara mbili kwa utelezi. Shuleni akafundishwa kwamba ini hupokea sukari ya chakula na kuiweka akiba, kisha mtu akishikwa na njaa huitoa, na ikipungua hutengeneza nyingine. Akanyoosha kidole: "Ini linajuaje kama nimekula?" Mwalimu akamwambia asubiri, atasoma huko mbele. Kusubiri ndiyo kazi pekee asiyoiweza. Swali likamganda rohoni miaka thelathini, likamtoa chuo hiki likampeleka kile, likampa shahada ya udaktari. Mama yake huiita udaktari wa panya, kwa kuwa hadi leo hajamwona mgonjwa hata mmoja aliyetibiwa na bintiye.

Jibu alilokuwa akilifukuza lilihusu jeni moja. Kila seli ya mwili inayo, lakini kwenye ini huwaka mtu akikaa na njaa, na akishakula huzima. Nani anaiwasha? Daktari aliamini amempata: protini ndogo inayokwenda kujibandika mwanzoni mwa jeni hiyo tumbo likiwa tupu. Kwa panya waliofunga tangu jioni, jeni iliwaka. Kwa walioshiba, ilizima. Akaandika makala, na jarida likamjibu kwamba kazi ni nzuri, ila arudie jaribio kwa panya wengi zaidi.

Hapo ndipo mambo yalipomwendea kombo. Aliporudia, nusu ya panya waliofunga walikutwa jeni imezima kabisa, kana kwamba wametoka kula sasa hivi. Akarudia, yakawa yaleyale. Miezi minne ikapita hivyo. Alikonda, akawa mkali hata kwa watu wasiohusika, na mumewe akajifunza kuongea naye kwa maneno mawili mawili.

Mtu akikosa jibu hutafuta mtu. Daktari akampata mtunza wanyama, mzee ambaye wote walimwita Baba Panya. Miaka ishirini na sita alikuwa ndani ya nyumba ile ya panya, akifagia, akipima uzito, akiandika kwenye daftari lake, na huku akiongea nao. Siku moja Daktari alimsikia akiwaambia, "Haya mabibi, leo hakuna kitu hadi kesho, tuvumiliane." Akacheka wakati ule. Sasa hakucheka. Mtu mwenye huruma namna hiyo, akasema moyoni, atashindwaje kuwatupia chembe mbili tatu? Akamwandikia mkuu wa kituo barua: mtunza wanyama anawalisha kwa siri panya walioamriwa wafunge. Aliiandika kwa dakika kumi, amesimama, na hakuirudia kuisoma.

Baba Panya alipoulizwa alijibu kwa ufupi. "Nikiambiwa wasile, hawali. Sina la kuongeza."

Hakuaminiwa. Mkuu akapanga kikao Alhamisi, saa tatu asubuhi, na Jumatano akamnyang'anya funguo, akampa Daktari. Kituo kizima kikajua mzee anamwaga unga, na imebaki miezi kumi tu astaafu.

Alhamisi hiyo Daktari aliwahi. Nje ya ofisi ya mkuu, hatua kama thelathini kutoka nyumba ya panya, Baba Panya alikuwa ameketi kwenye benchi, shati limepigwa pasi hadi mikono imesimama.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Daktari."

Daktari hakusimama. Alimwonea mzee aibu kidogo, na aibu ikamwongezea mwendo.

Kwa kuwa mwenye kazi yuko benchini, ilibidi apime panya mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka. Panya aliyefunga hupungua uzito. Wa kizimba cha kwanza alikuwa amepungua, wa pili vilevile. Wa tatu hakupungua hata kidogo. Wa nne naye hakupungua. Akataka kusema nimemkamata, kisha neno likamfia mdomoni. Jana jioni chakula alikitoa yeye. Mlango aliufunga yeye. Funguo zililala mfukoni mwake.

Akapiga magoti, akakaza macho kizimbani. Panya alizama kwenye maranda aliyotandikiwa, akachimba, akatoweka, kisha akaibuka ameshika chembe ya chakula kwa mikono miwili, akaanza kuitafuna bila wasiwasi wowote.

Ilikuwa saa mbili na robo. Daktari akainua kizimba kile, akamwaga maranda mezani, akayachekecha kwa vidole. Makombo yalikuwa humo, mengi. Panya hula kwa kumwaga, na yanayomwagika hufukiwa. Zamani waliotakiwa kufunga walihamishiwa kizimba kisafi. Nani aliufuta utaratibu huo kabla ya jaribio kurudiwa? Yeye. Karatasi yenye sahihi yake ilikuwa pale mlangoni: siku ya kufunga, vizimba visibadilishwe. Alihofia kwamba kuhamishwa kunawatia panya hofu, na hofu peke yake yaweza kuiwasha jeni. Baba Panya alimwambia siku ileile, "Daktari, hawa wana akiba zao huko chini." Naye akamjibu, "Mzee, fuata karatasi."

Tena vizimba husafishwa kwa zamu, nusu Jumamosi, nusu Jumatano. Vya jana havikuwa na kitu. Vya Jumamosi vilijaa. Nusu kwa nusu. Daktari akacheka peke yake kama mwehu. Jeni yake haikumwangusha. Iliwaka kwa wenye njaa na kuzima kwa walioshiba, na kosa lilikuwa kuwaita wenye njaa panya waliokula usiku mzima. Akavaa glavu mpya, akamwaga kizimba kimoja baada ya kingine, akapima makombo ya kila kimoja, akayalinganisha na uzito wa panya wake, akachora mchoro kwa penseli nyuma ya boksi la glavu. Kwa mara ya kwanza katika miezi minne hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Alipomaliza akampigia mumewe simu. "Nimeipata," akasema, akamweleza yote bila kupumua, makombo, maranda, Jumamosi na Jumatano.

Mumewe alisikiliza hadi mwisho. "Na yule mzee je?"

Daktari akatazama saa. Saa tatu ilikuwa imepita zamani. Akatoka mbio na glavu zake mikononi.

Benchi lilikuwa tupu. Aliingia kwa mkuu bila kupiga hodi, akamkuta Baba Panya akirudisha kalamu mezani.

"Tumemaliza," mkuu akasema. "Mzee amekiri. Ataondoka mwisho wa mwezi, taratibu, bila makelele."

"Amekiri nini? Hakufanya." Akaeleza, safari hii polepole, huku uso unamwaka. Hakujitetea. "Amri ilikuwa yangu, na alinionya. Andika jina langu kwenye hiyo karatasi."

Mkuu akamgeukia mzee. "Sasa mbona umesaini?"

"Tangu niulizwe naitwa mwongo," Baba Panya akasema. "Nilitaka yaishe nikapumzike."

Mkuu akaichana karatasi vipande vinne. "Basi yameisha. Rudi kazini, Mzee, na samahani sana." Daktari akashusha pumzi. Akadhani wamepona wote.

Baba Panya hakunyanyuka. Alikuwa mtu wa daftari, kila jambo na saa yake. "Umegundua saa ngapi, Daktari?"

Angeweza kusema, "Sasa hivi," na nani angejua? Alitamani kulisema hilo kuliko alivyowahi kutamani kitu.

"Saa mbili na robo."

Mzee akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

"Saa mbili na robo nilikuwa pale nje kwenye benchi," akasema. "Ungeniita tu, ningesikia."