Mwali Mwenye Mtihani

Mwalimu wetu wa kike, shule ya misheni pale Kilosa, alituita wasichana wa darasa la nne akafunga mlango. Wavulana walikuwa wamepelekwa kulima bustani. Sisi tukaambiwa mambo ya mwili: tutakua, siku moja tutaona damu, wala si ugonjwa wala si dhambi. "Ukiona, usijifiche. Mwambie mama yako." Tulicheka mpaka machozi yakatutoka.

Nami nilikuwa mtoto mtiifu, ole wangu! Wiki mbili kabla ya mtihani wa kwenda shule ya kati, nikaona, nikamwambia mama. Mama akamwita bibi, bibi akapiga vigelegele kambi nzima ya mkonge ikasikia. Jua halijachwa, nimeshakuwa mwali: nimefungiwa chumbani, nisionwe na mwanamume, nisikanyage nje mpaka mavuno. Mtihani ndiyo basi, na asiyefanya mtihani alingoja kuolewa. Nililia kwa hasira. Nilimchukia mwalimu kuliko bibi. Alinifundisha kusema, hakunifundisha yatakayofuata.

Siku ya tatu mwalimu akaja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ulichezwa unyago?"

Mwalimu, binti wa mchungaji wa huko milimani, alikiri hakuchezwa.

"Basi huingii kwa mwali. Utamfunda nini nawe hujafundwa?"

Mwalimu akavua viatu, akakaa mkekani. "Nifunde, bibi."

Weee! Bibi hakulitegemea hilo. Siku kumi mwalimu wangu alifundwa pamoja nami: kukaa, kupokea mgeni, kusalimia wakwe. Alikosea kila kitu, bibi akamfokea kama mtoto, nami nikafurahi kwelikweli. Mchana bibi alisinzia, au alijifanya, nasi tukafanya hesabu.

Siku ya mwisho mwalimu akapiga magoti akaniombea ruhusa. Bibi akaguna. "Mwali wangu mwenyewe ameomba, nitamnyimaje?"

Kesho yake akanifunika kaniki gubigubi, akanipeleka katikati ya wanawake wakiimba kutoka kambini hadi shuleni, wanaume wakigeuza nyuso. Nikakalishwa pembeni nyuma ya jamvi. Msimamizi, maskini, alinipitishia karatasi kwa juu huku akitazama dari.

Nilifaulu. Bibi alipoletewa habari alilia.

"Mimi nilipotolewa ndani," alisema, "nilikuta mume amekaa kibarazani. Hakuna aliyeniuliza."