Majani ya Mgomba Mbele ya Rejeta

Mke wangu anapofunika chungu kwa majani ya mgomba, mvuke wake hunitoa jikoni. Hunirudisha kwenye kigari cha baba.

Ilikuwa miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kuingia nchini kwa wingi. Injini ya kigari hicho ilikuwa ya petroli, silinda nne, haifiki hata lita moja. Majirani wa mtaa wetu wa Bulyaga walimtania baba kwamba amenunua cherehani. "Ndogo," aliwajibu, "lakini haijawahi kunilaza njiani."

Kwa baridi ya Tukuyu, asubuhi injini iligoma kuwaka. Jioni moja nikashindilia majani makavu ya mgomba mbele ya rejeta, inayopoza maji ya injini, ili injini ilale na joto, kama tunavyofunika ndizi ziive. Kesho yake nikasahau kuyatoa ili rejeta ipate upepo.

Tuliteremka salama hadi Kiwira. Wakati wa kurudi, mlimani, maji yakachemka na injini ikazima. Baba aliposhuka kijitoni na kopo kuteka maji, niliyachomoa majani, yamelowa mvuke, nikayatupa migombani.

"Umegusa kitu?" aliniuliza.

"Hapana, tata," nikamwambia baba yangu.

Gasketi ya injini ilikuwa imeungua. Gari likavutwa hadi nyumbani.

"Jirani, cherehani imekata uzi?" majirani wakamcheka.

Baba aliitengeneza injini, ila hakuiamini tena, akaamua kuliuza gari. Mnunuzi alipokuja, akauliza kama injini ni ya kutegemewa. Baba hakujua kusema uongo.

"Hapana, ndugu yangu. Hii inaweza kukuacha njiani."

Nilikuwa kando yao, naosha gari. Nikaendelea kuosha.