Mama Alipoteremsha Kichanja

Harufu ya kibuyu cha maziwa kinapooshwa kwa maji ya moto mpaka leo inaniondolea utulivu. Wenzangu ikiwafikia wanakumbuka maziwa mgando na ndizi. Mimi nakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Ngoja niwaeleze sababu, maana hata wanangu sijapata kuwasimulia vizuri.

Tuliishi Masama, katika kihamba cha babu, shamba la ukoo, kahawa imejificha chini ya migomba. Ilikuwa miaka michache baada ya vita, na makopo ya biskuti za askari yalikuwa yameingia kila jiko. Mimi nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu Elia minne. Jiko letu lilikuwa kibanda cha peke yake nyuma ya nyumba, cheusi kwa moshi, na Mama alikuwa mtu asiyetupa kitu. Vyungu vilivyomeguka midomo, vibuyu visivyo na vifuniko, miiko iliyoungua, madebe yaliyotoboka, vyote vilikaa humo, na mahali ilipo chumvi alipajua yeye peke yake. Baba alizoea kusema kwamba akiingia mle kutafuta kisu atatoka na mvi.

Basi Alhamisi moja nilirudi kutoka shule nikakuta jiko zima liko uani, limeanikwa juani. Mama alikuwa amejifunga kanga kiunoni, anasugua vibuyu kimoja baada ya kingine, jasho linamtiririka. Shikamoo yangu aliiitikia bila kuinua macho. Akanionyesha rundo la vyombo akaniambia nitenganishe, vizima huku, vibovu kule. Niliuliza ni mgeni gani anakuja. Akasema hakuna mgeni. Nikauliza tena, akaniambia mikono yangu ifanye kazi kuliko mdomo.

Tangu hapo hakutulia. Alikuwa akikaa, anainuka. Anaanza kukata kuni, anaziacha, anarudi kuhesabu miiko. Alitaka kila kuni iwe fupi, urefu wa mkono wangu. Nami nilimfuata huku na huku bila kujua ninachofuata.

Ijumaa akaja Shangazi Anasia, dada yake Baba. Alisimama mbele ya chungu kikubwa cha kupikia mbege, pombe yetu ya ndizi, kilichoachwa na bibi yetu marehemu, akauliza kama tunahama. Mama alimwambia anapunguza vitu tu, na kwamba chungu kile angependa yeye akichukue.

"Mama yangu alikiacha katika jiko hili, wifi," Shangazi alisema. "Si changu, wala si chako kukitoa."

"Ni kizito," Mama alijibu. "Hapa hakuna wa kukiinua."

Shangazi akaita vijana wawili wakakibeba, akaondoka bila kuaga. Mimi nilibaki na lile neno. Mama alikuwa akikiinua chungu kile peke yake tangu nipate akili.

Jioni ileile alikata kamba za kichanja cha vyombo, ambacho siku zote kilikuwa juu ya kichwa changu. Akaniita nisimame ukutani, akaniambia ninyooshe mkono, kisha akakifunga upya chini, usawa wa kifua changu. Akapanga juu yake kopo la chumvi, kopo la magadi, unga, na sufuria mbili ndogo. Zile kubwa zilikuwa zimekwishagawiwa majirani. Halafu akaanza mchezo ambao haukuwa mchezo. Alinifumba macho kwa kitambaa, akawa anataja kitu nami nakileta. Chumvi. Kisu. Magadi. Nikikosea tunaanza upya. Elia alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka.

Sasa niwaambie kilichokuwa kichwani mwangu. Mwaka uliotangulia, jirani yetu mmoja alikuwa amemwacha mumewe akarudi kwao, na kwenye mfereji niliwasikia wanawake wakisema kwamba kabla ya kuondoka alisafisha nyumba yote, ili asisemwe. Nikajumlisha. Nikaona kwamba jiko likikamilika, Mama ataondoka.

Jumamosi alipokwenda mferejini nilifanya kazi haraka. Nilimwaga chumvi ndani ya magadi, nikarudisha vyungu vibovu ndani, nikatawanya kuni, na kamba ya kichanja nikaikata upande mmoja, kikaanguka na kila kilichokuwa juu yake. Kisha nikasimama katikati, nikingoja fimbo.

Mama alifika na mtungi kichwani. Aliutua polepole, mkono mmoja ukiwa ubavuni, akaketi kwenye kigoda na kutazama. Fimbo hakuitafuta.

"Panga," alisema. "Mimi sigusi kitu. Panga mpaka niseme basi."

Nilipanga huku nalia. Nilifunga kamba mara tatu kabla haijashika. Kila nilipomtazama anisaidie, aligeuza uso. Alipotamka "basi," jua lilikuwa limeshaingia nyuma ya migomba, na neno lililofuata lilikuwa "Sasa pika." Nikapika kiburu, ndizi na maharage, kwa mara ya kwanza tangu kuwasha moto hadi kuponda, kwa chumvi ya kuazima. Baba alikula akimtazama Mama badala yangu.

Jumapili yote nilimnunia. Tulipotoka kanisani alininyooshea mkono, nikaushika wa Elia. Jumatatu asubuhi alituambia tumbo linamsumbua kidogo, yeye na Baba wanakwenda hospitali mjini, atarudi. Nilikuwa jikoni nikipuliza moto uliokuwa tayari unawaka. Nilisikia nyayo zao zikiteremka kuelekea barabarani, na sikutoka.

Alikaa huko wiki saba. Shangazi alikuja jioni kutuangalia, lakini jiko lilikuwa langu, na hakuna kitu mle ambacho sikukifikia. Baba kila aliporudi kutoka kumtazama alipitiliza moja kwa moja migombani. Kisha siku moja mchana mwanga wa mlangoni ukapungua, nikageuka. Mama, amekonda, ameegemea fimbo. Hakuingia mara moja. Alisimama kama mgeni, akaniuliza chumvi tunaweka wapi.

Miaka mingi baadaye, nami nikiwa na watoto, tulikuwa tukimenya ndizi pamoja ndipo akanieleza. Ulikuwa uvimbe tumboni. Wanawake wawili wa upande wetu walikuwa wamepasuliwa kwa ugonjwa huohuo, na wote wawili walirudishwa wamekufa. Daktari alitaka aingie hospitali siku ileile aliyompima; yeye akaomba siku nne. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungelia zote nne," alisema. "Na mimi sikuwa na nyingine."

Nilimuuliza kama iliuma nilipokataa mkono wake pale kanisani. Hakunificha. Alisema iliuma kuliko kisu.

Nimelifikiria hilo mara nyingi. Kama asingerudi, kumbukumbu yake ya mwisho juu yangu ingekuwa mgongo wangu mbele ya mafiga. Alilijua hilo alipokuwa akiteremka barabarani, na hakurudi nyuma kunieleza. Siku nne alizokuwa nazo alizitumia zote kwenye kopo la chumvi na kuni fupi, hakujibakizia hata moja ya kuagwa vizuri.