Kamba Isiyo na Kitambaa

Mimi ni mutu wa mashaka. Bwana yangu husema hata padri akiniambia leo ni Dimanche, siku ya misa, nitaenda kwanza kuchungulia kama maduka yamefungwa. Anicheke tu. Mashaka yangu hayakuanzia kwake. Yalianzia kwa papa yangu, mushonaji, mutu mupole kuliko wote niliopata kuishi nao, na ndiyo sababu yaliniuma sana.

Papa alikuwa na chumba kimoja cha kushonea kwenye barabara ya kupanda Kadutu, pale Bukavu. Mashini moja ya miguu, pasi ya makaa, meza, benchi ya wateja. Aliwashonea makarani wa Ibanda abakosti zao, zile koti za kuvaliwa bila tai, na kila Septemba alishona iniforme za watoto wa shule mpaka macho yanakuwa mekundu. Lakini mita ya kupimia hakuwa nayo. Alifundishwa kazi na mujomba wake asiyejua kusoma, na akashika desturi ya mujomba: kila muteja alipimwa kwa kamba yake mwenyewe. Fundo la kwanza bega, la pili mukono, la tatu kiuno, hivyo hivyo mpaka chini. Mwisho wa kamba alifunga kipande kidogo cha kitambaa cha muteja huyo, ili amutambue. Kuta zote zilijaa kamba kwenye misumari. Wakubwa wa ofisi walikuwa wanaingia na kumutania, "Citoyen, mwananchi wangu, kamba yangu ingali inanitosha?" Naye anaishusha, anawazungushia kiunoni, na wote wanaona tumbo lilivyokua.

Kwenye mabega aliongeza kidole kimoja kila mara. Alisema mutu hapimwi akiwa amekaza. "Legeza mabega," ndilo neno nililolisikia zaidi kinywani mwake.

Nilipofika miaka kumi na moja nilikuwa nasoma kamba zile kama wengine wanavyosoma gazeti. Nilijua nani amenenepa, nani anaumwa na anaficha. Na ni hivyo nilivyoiona ile ya nyuma ya mulango, kwenye musumari ambapo papa alitundika koti lake. Ilikuwa kamba fupi, ya mutoto, na mwisho wake hakuna kitambaa. Nikaenda kuchukua yangu, nikazilinganisha. Zilikuwa sawa, fundo kwa fundo. Kwenye kiuno tu ndipo ile ingine ilikuwa ndogo, kidole kimoja.

Nikajiambia labda alinipima mara mbili. Mwaka uliofuata nikaenda kuangalia tena. Kamba ilikuwa mupya, ndefu zaidi, kama yangu ilivyokuwa imerefuka. Basi ni mutoto, na anakua. Nikaanza kuchunguza. Papa alishona iniforme mbili za kipimo changu, moja akanipa, ya pili akaifunga kwenye gazeti na sikuiona tena. Aliponinunulia sandale za plastiki, maman alitoa jozi mbili kwenye kikapu, na jioni ikabaki moja. Nilipougua surua, aliacha abakosti tatu za watu juu ya meza akapanda kamioneti ya Katana, akisema anaenda kuwapima wafanyakazi wa kituo cha utafiti cha Lwiro, upande ule. Nilipopona nikaenda kwenye chumba cha kushonea kuhakikisha. Kamba za watu wa Lwiro zilikuwa pale pale ukutani, na vumbi juu. Mushonaji gani anaenda kupima bila kamba?

Wakati ule kila mutu Bukavu alijua deuxième bureau, yaani nyumba ndogo, ni kitu gani. Papa mumoja wa Nguba, muteja wetu, alikuwa na bibi wa pili kule Muhumba, na watoto wake wa pande zote mbili walikutana kwenye benchi moja ya shule. Nikapiga hesabu yangu ya kitoto. Mutoto huyu ni wa umri wangu. Maana yake, maman alipokuwa na mimba yangu, papa alikuwa anatembea kwingine. Nilimuchukia. Sioni haya kulisema, nilimuchukia papa yangu miaka miwili mizima, huku nikila chakula chake. Akija kunipima nakaza mabega kama mbao. Naye anasubiri tu, kamba mukononi, mpaka nichoke.

Wazee wanasema kikulacho kiko nguoni mwako. Kwetu sisi, watu wa nguo, niliona neno hilo lilitungwa kwa ajili ya nyumba yetu.

Siku moja nikamwambia maman. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, wadogo zangu wawili wa kiume wanacheza uani. Nilimweleza yote, kamba, sandale, Lwiro, na nilingoja alie au avunje kitu. Nilikuwa hata nimepanga ni nguo gani tutabeba tukirudi kwa wazazi wake. Maman akashika mutwangio, hatwangi, hauweki chini.

"Umeambia nani mwingine?"

Nikasema hakuna mutu. Akasema nisiambie mutu, akaendelea kutwanga. Sombe ya siku ile ilikuwa na chumvi mara mbili, na papa akaila yote. Kumbe maman anajua, nikafikiri. Anajua na anavumilia. Nikaanza kumushuku yeye pia.

Sasa, mwaka huo masere, mutawa aliyetufundisha, alipanga kutupeleka Lwiro, tuone nyoka kwenye machupa na wadudu waliokaushwa. Wazazi walipaswa kukubali. Papa yangu hakuwa amenikatalia jambo la shule hata siku moja. Ni mutu aliyewahi kushuka Kadutu mpaka Ibanda mu mvua kwa kuniletea kitabu nilichosahau. Lakini aliposikia Lwiro, mguu wake ulisimama kwenye mashini.

"Hapana. Wewe hauendi Lwiro."

Nikauliza sababu. Akasema barabara ni mbaya. Barabara ya siku zote, ile aliyoipita mwenyewe kila baada ya miezi michache! Dalili ya mvua ni mawingu, na kwangu mimi mvua ilikuwa imekwisha kunyesha. Nikamwambia masere papa amekubali. Nilidanganya macho makavu.

Tulipanda lori asubuhi. Watoto wengine waliimba, mimi nilikuwa na kazi. Nilitaka kumuona huyo mwanamuke na mutoto wake, nirudi nyumbani nimushike papa na maneno asiyoweza kukana. Kituo kile chenyewe sikukiona vizuri. Nakumbuka droo za vipepeo na harufu ya dawa, basi.

Saa sita tuliketi karibu na mulango mukubwa tukila mikate. Mama mumoja alipita na beseni la ndizi kichwani. Akanipita, akasimama, akarudi. Akaniuliza kwa ukali ninafanya nini hapa katikati ya watoto wa ville, wa mujini, na nyanya yangu ananitafuta tangu asubuhi, mbuzi zimeingia kwenye maharagi. Nikamwambia, mama, mimi si mutu wa hapa. Akacheka, akauliza kama leo nimekuwa Muzungu, akanishika mukono. Ningeweza kupiga kelele. Masere alikuwa hatua kumi tu. Lakini nikamufuata, kwa sababu nilikuwa nataka kujua.

Nyumba ilikuwa ya udongo, nyuma ya migomba. Muzee mwanamuke aliketi kwenye mukeka anatoa maharagi kwenye maganda. Aliniangalia miguu, akapandisha macho polepole mpaka usoni.

"Umekuja na nani?"

"Mimi peke yangu."

Akaita ndani. Musichana akatoka na kamba ya mbuzi mukononi, amevaa iniforme yake. Chini ya mufuko kulikuwa na uzi mwekundu, ule ule papa aliotia kwenye wangu ili nguo yangu isipotee shuleni. Na juu ya kola kulikuwa sura yangu. Alikuwa mwembamba kuliko mimi kiunoni, kidole kimoja au viwili.

Muzee alinikalisha akanieleza, bila kulia, kama mutu aliyejiandaa muda murefu. Sisi tulikuwa mapacha. Mama yetu, binti yake, alikufa siku ya pili baada ya kutuzaa, na aliyempa mimba alikuwa ameenda kutafuta kazi mbali, hakurudi. Siku zile mushonaji wa Bukavu alikuwa anakuja kushonea wafanyakazi wa kituo, analala kwa huyo nyanya. Alikuwa na miaka sita ya ndoa, mutoto hakuna. Nyanya aliweza kulea mumoja kwa maziwa ya mbuzi, wawili hakuweza. Akamupa mumoja, na masharti mawili. La kwanza ni la mapacha wote: anachopewa mumoja, mwenzake apewe, nguo kwa nguo, kiatu kwa kiatu, la sivyo mumoja ataugua. La pili, mutoto asiambiwe. Lakini siku atakapofika hapa kwa miguu yake mwenyewe, atachagua mwenyewe kubaki au kurudi.

Mutoto wa nje niliyemutafuta miaka miwili alikuwa mimi.

Masere alinipata pale, ananitafuta jasho linamutoka. Niliondoka na lori. Sikumuahidi nyanya kitu, na dada yangu tuliangaliana tu kama watu wanaoona haya.

Papa alikuwa amesimama kwenye mulango wa shule. Mutu alikuwa amemwambia. Abakosti yake ilikuwa imefungwa vifungo vibaya, upande mumoja juu, mwingine chini, yeye aliyekuwa anarudisha wateja ndani kwa sababu ya kola iliyokunjika. Hakunigombeza kwa uongo wangu. Tulipanda mpaka kwenye chumba cha kushonea, akashusha kamba mbili, yangu na ile ya nyuma ya mulango, akaziweka mezani.

"Nyanya alikuambia unaweza kubaki kule?"

"Alisema."

Mimi ndiye niliyemurukia, nikamuuliza kwa nini alinificha, kwa nini aliniacha nimuwazie mabaya muda wote huo. Alikuwa ameona, sivyo? Alikuwa ameona mabega yangu.

"Nimeona," akasema. "Wadogo zako Mungu alinipa bila mimi kumusumbua mutu. Wewe nilikuomba kwa watu. Na wanasema nguo ya kuazima haisitiri. Kila siku nilikuwa nangoja mwenyewe aje kuichukua."

Nikainama kwenye kikapu cha vipande chini ya meza, nikatafuta bluu ya iniforme, nikafunga kwenye mwisho wa kamba ya dada yangu. Kisha nikazitundika zote mbili kwenye musumari wangu. Papa akaketi kwenye benchi ya wateja akalia, na mimi nilisimama pale mpaka amalize, halafu tukarudi nyumbani kula. Maman alituona tunaingia, akafahamu. Tangu Septemba ile, iniforme ya Lwiro niliipeleka mimi.

Papa alikufa nikiwa tayari na watoto wangu, nchi ingali inaitwa Zaïre. Kwenye matanga walikuja watu mpaka barabara ikajaa, na mimi, mashaka yangu hayafi, niliangalia kila mwanamuke mugeni aliyelia zaidi ya kiasi. Sikuona kitu. Dada yangu alifika na kamioneti ya asubuhi. Fundi wa jeneza akaja na mita yake ya chuma, akataka kuifungua juu ya papa, na sisi wawili tukasema hapana kwa mara moja.

Tulikata kamba mupya. Dada alishika kichwani, mimi nikashuka mpaka kwenye visigino nikifunga mafundo, na mwishoni nikafunga kipande cha abakosti yake. Fundi akauliza atasomaje kitu kama hicho. Nikamwambia tutamusomea. Kwenye mabega tuliongeza kidole kimoja.