Mfuga Nyuki Aliyeandikiwa Ugonjwa wa Pombe

Ukungu bado umelala juu ya vilima vya Iveti, na Nzioka Mbithi tayari yuko shambani. Anainua mfuniko wa mzinga unaoning'inia kwenye waya, usawa wa kifua chake, anapuliza moshi wa mavi makavu ya ng'ombe, kisha anachungulia. Nyuki wanatembea juu ya mikono yake mitupu. Hawamsumbui, naye hawasumbui.

Mwaka huu wa 2004 ametimiza miaka hamsini na miwili na ana mizinga thelathini na minne. Msimu mzuri humpa kilo mia mbili za asali, na karo ya bintiye Kamanthe hutoka humo. Ukimwona, huwezi kudhani kwamba miaka miwili iliyopita alishindwa kufunga kamba za viatu vyake.

"Tumbo lilitangulia mlangoni, mimi nikafuata," anasema akicheka.

Lilianza kuvimba baada ya mavuno ya asali. Miguu nayo ikajaa. Katika zahanati moja alitolewa lita sita za maji tumboni. Baada ya wiki tatu yakarudi. Alitolewa maji mara tisa. Kila mara aliulizwa hunywa pombe kiasi gani, akajibu hajawahi kuionja. Kwenye kadi wakaandika kwamba ini limeharibiwa na pombe.

Majirani hawakuhitaji kadi. Ukambani, asali safi hutafutwa na wazee wanaotengeneza kaluvu, pombe ya asali inayonywewa posa inapopelekwa, na mitungi ya asali ilikuwa ikitoka kwa Nzioka kila mwezi. Muuza asali akivimba tumbo, nani atamwamini?

Wazee wa kanisa, ambao alikuwa mwenzao kwa miaka kumi na mmoja, walimwita atubu. Alikataa kutubu dhambi asiyoitenda. Wakamtenga na Meza ya Bwana.

Hata mkewe, Wavinya, alikuwa akinusa vikombe, na hafichi.

"Nilinusa mpaka jerikeni ya mafuta ya taa," anasema. "Daktari amesema, kanisa limesema, mimi ni nani?"

Kwa Nzioka, hilo liliuma kuliko ugonjwa. Alianza kumgawia ndugu yake Mutua mizinga, akijua anakufa, na anakufa akiitwa mlevi.

Februari 2003 alipelekwa hospitali nyingine mjini Machakos, akapokewa na tabibu aitwaye Mukai. Mama huyo hakuanza na tumbo. Alimwambia avue shati, ageuke. Mgongoni mishipa ilikuwa imevimba, minene kama kidole, ikipanda kutoka kiunoni. Mukai akaubana mmoja kwa vidole viwili, akaukamua damu kwa kutelezesha kidole kimoja kwenda juu, kisha akaachia kidole cha chini. Damu ikapanda juu mbio.

"Mzee, hii mgongo nani ameiona?"

"Hakuna. Wote wanataka tumbo."

Mukai akamweleza kwamba damu ya miguu na ya ini hurudi moyoni kwa mshipa mmoja mkubwa. Wake ulikuwa umeziba, na damu ikawa inapita njia za panya mgongoni huku ini likifura na kuvujisha maji tumboni. Picha ya altrasaundi ilionyesha utando uliokuwa umeuziba mshipa huo karibu na ini. Ni ugonjwa adimu, na wake haukuletwa na pombe.

Nairobi, madaktari walipitisha mrija mwembamba kutoka kwenye kinena mpaka penye utando, wakajaza puto dogo, likaupasua. Ng'ombe wawili waliuzwa, ndugu wakachanga. Wavinya anasema mumewe alikojoa wiki nzima, na mshipi ukarudi tundu la zamani.

Sasa Nzioka humeza dawa ya kuzuia damu isigande, na kila mwezi damu yake hupimwa. Amekatazwa kupanda miti, maana akianguka atavuja damu nyingi. Ndiyo sababu mizinga yote imeshushwa kutoka mitini.

Wazee wa kanisa walifika kwake na mbuzi kuomba msamaha.

"Nilikula mbuzi, nikasamehe," anasema. "Mbuzi kwanza, msamaha baadaye."

Anapanga kufikisha mizinga hamsini kabla ya mvua za Oktoba. Lakini Alhamisi hii hatafanya kazi. Urbanus, fundi wa baiskeli wa ng'ambo ya mto, amevimba tumbo tangu Krismasi, na watu wanakonyezana akipita. Nzioka atampeleka kwa Mukai, nauli juu yake.

Je, Urbanus hunywa?

"Sijamuuliza," anasema Nzioka. "Nimemwambia tu avae shati ya kuvua haraka."